Mishale ya Chaki Kwenye Saruji

Tulipotoka kumzika baba, dereva wa basi hakurudi kwa njia tuliyojia. Alipofika njia panda alikata kushoto, akazunguka nyuma ya soko, akatupitisha kwenye mashimo ambayo siku nyingine mtu mwenye akili timamu asingeyagusa. Hakuna aliyeuliza. Kwetu Lubumbashi ukishamzika mtu wako usirudi kwa njia uliyompelekea, asije akaishika na kukufuata nyumbani. Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha, mkono ndani ya mkoba, na vidole vyangu vikagusa kipande cha chaki nilichokitoa kwenye mfuko wa shati la baba kabla hawajamvisha suti. Nikavipeleka puani. Kwa ile harufu kavu nikaona tena uwanja wetu wa saruji, na kaka yangu amesimama kwenye jua la mchana akicheka.

Ninyi mliokua zama zangu mnakumbuka jinsi wanafunzi wa humanité, sekondari ya juu, walivyokuwa wakiogopa mtihani wa dola, ule wa serikali wa kumaliza shule. Baba alikuwa mwalimu wa fizikia. Asubuhi alifundisha shuleni. Mchana uwanja wa nyumba yetu, kule Katuba, uligeuka darasa. Ubao mkubwa mweusi uliegemezwa ukutani karibu na robinet, bomba la maji, mabenchi yakapangwa mbele yake, na wale waogopaji wakaja na nyuso zao ndefu. Wote walimwita Prof. Mimi nilikuwa bado mdogo, nimeanza tu kuunganisha herufi, lakini sikubanduka pale. Nilikaa chini kando ya ubao, nikapumua harufu ya chaki, ya kitambaa chenye maji, na ya moshi wa makaa kutoka kwa jirani aliyekuwa anasonga bukari, ugali wetu. Mama alishatangulia zamani, sina hata sura yake kichwani. Aliyetulea ni dada yake baba, Tantine Ngalula, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza mbwa na moyo ambao aliuficha vizuri sana.

Baba alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakupenda mifano ya vitabuni, ile ya magari ya nchi ambazo hakuna aliyezijua. Alichukua alichokuwa nacho, na mara nyingi alichokuwa nacho ni mimi.

"Kapinga, mama, kuya hapa," aliniita siku moja. Kwetu baba humwita binti yake mama, na mimi nilipoitwa hivyo mbele ya watu nilivimba kichwa. "Toka hapa ku mulango, enda gusa robinet, kisha urudi pale ulitoka. Enda mbiyo!"

Nikakimbia. Saruji ilikuwa ya moto, miguu yangu mitupu ikawa hairuki bali inaungua. Niligusa bomba, nikageuka, nikarudi mlangoni nikihema na kifua kikitaka kupasuka. Nilingoja nipigiwe makofi.

"Bon," baba akawaambia wanafunzi. "Muliona. Ametembea, na ametembea mingi. Sasa déplacement yake iko ngapi?"

"Zéro, Prof!" wakaitikia wote, na wengine wakacheka.

Sikuamini masikio yangu. Nilitazama miguu yangu yenye vumbi. "Papa, mais nilikimbia!"

"Ulikimbia, mama. Vitesse ulikuwa nayo, na mingi kabisa. Lakini kasi inasema tu unaenda mbiyo namna gani. Vecteur inasema tena unaenda wapi." Akachora kwenye ubao mshale mmoja kutoka mlangoni kwenda kwenye robinet, halafu mwingine wa urefu uleule ukirudi. "Huyu anaenda, huyu anarudi. Moja inafuta ingine. Déplacement inaangalia fasi ulianzia na fasi ulimalizia tu, na ni fasi moja. Hakuna kitu kinabakia."

Wakubwa wale waliandika kwa bidii. Mimi niliangua kilio. Mtu anakutuma, unaungua nyayo, halafu anakuambia mbele ya watu kwamba ulichofanya ni bure! Nilikwenda kujificha nyuma ya nyumba, na huko ndiko alikonikuta Yaya Mulumba.

Mulumba alikuwa kaka yangu pekee, na kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya. Alikuwa amekwisha kupata diploma yake ya dola na alikuwa anangoja kuanza chuo kikuu, akitaka kuwa mhandisi. Alikuwa mrefu, ana masikio makubwa ambayo aliniruhusu kuyavuta, na aliweza kuvuta mstari ulionyooka ubaoni bila rula, jambo ambalo baba alilijivunia kuliko diploma yenyewe. Alichuchumaa mbele yangu.

"Unalia nini?"

"Papa anasema mi niko zéro."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Weye Kapinga! Zéro njo ya muzuri. Zéro ni kusema umefika ku nyumba. Mwenye hana zéro, huyo njo angali mu njia."

Nilifikiri. Nikafuta kamasi. Ilikuwa imekaa sawa kabisa, na kuanzia siku ile sifuri ikawa namba yangu ninayoipenda. Tantine akirudi kutoka sokoni nilimpokea kwa kelele: "Tantine iko zéro!" Naye alinijibu kwamba sifuri ni akili za baba yangu, na mtu aje achukue kapu lake.

Mulumba ndiye aliyenifundisha kuchora vekta. Kila mshale, alisema, unaanza na nukta, na nukta unaizungushia duara dogo ili watu waone mahali ulipotoka. Mimi nilipenda kichwa cha mshale tu, ile ncha kali. Nukta niliiona kazi bure. Baba akipita nyuma yetu alinigonga kidogo utosini: "Vecteur bila origine iko kama muntu bila kwabo, mama. Tia point." Sikuitia. Nilikuwa mbishi, na ubishi huo haujanitoka, mume wangu atawaambia.

Jirani yetu mmoja alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka upande wa Goma, baba mpole mwenye kofia ya pama. Alikuwa anatuma lori Sakania, kule mpakani, kuchukua unga wa mahindi unaotoka Zambia, na akamwomba baba amruhusu Mulumba aende na dereva, kwa sababu alitaka mtu wa kuaminika asiyelewa. Baba hakupenda. Mulumba akambembeleza siku kadhaa. Alitaka kupata pesa kidogo za masomo, na zaidi ya hapo, nadhani, alitaka kuona barabara. Mwishowe baba akakubali.

Asubuhi ya kuondoka lori lilinguruma mbele ya geti letu na kuujaza uwanja moshi. Mulumba alininyanyua juu, nikamvuta masikio yote mawili.

"Usilie," aliniambia. "Utaona. Nitakuwa zéro."

Mchana wa siku hiyo baba alikuwa na furaha ya mtu anayejikaza. Alisimama mbele ya wanafunzi wake, akasugua mikono, akaandika tatizo jipya juu kabisa ya ubao. Aliliandika kwa Kifaransa, lakini maana yake ilikuwa hii: Mulumba anatoka Lubumbashi na camion, anafika Sakania, anarudi Lubumbashi, tafuta déplacement yake. Wanafunzi waliomjua kaka yangu walicheka na kupiga meza. Baba mwenyewe akaandika jibu chini yake kwa herufi nzuri: mshale mdogo juu ya herufi, halafu alama ya usawa, halafu sifuri kubwa ya mviringo. Kisha akaacha bila kufuta, kwa sababu mvua ya ghafla ilituingiza ndani na ubao ulikuwa chini ya ukingo wa bati.

Mimi sikuwa najua Kifaransa cha kutosha, lakini jina la kaka yangu nililisoma, na sifuri niliisoma. Kwangu ile haikuwa hesabu. Baba alikuwa anaandika vitu ubaoni, na vikawa. Aliandika kwamba maji yatachemka, yakachemka. Aliandika kwamba jiwe litaanguka, likaanguka. Sasa ameandika kwamba Mulumba atarudi. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama sifuri bado ipo, nikaikuta, nikaenda kucheza.

Yule jirani wa kofia ya pama alikuja mchana mmoja, darasa likiwa halijaanza. Hakuingia. Alisimama getini, kofia mkononi, na baba akamfuata huko. Mimi nilikuwa karibu na robinet, nachezea maji.

"Prof," alisema. "Prof, camion ilipinduka. Pa kurudia. Ku virage, ku kona."

Baba akauliza swali ambalo sijaweza kulisahau, akaliuliza kwa sauti ileile ya darasani, ya upole, ya mtu anayetaka mwanafunzi asiogope:

"Ilikuwa na vitesse gani?"

"Prof?"

"Vitesse. Ilikuwa na vitesse gani?"

Jirani akatikisa kichwa tu, machozi yakamtoka. Na hapo Tantine Ngalula, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wa bukari, akaelewa kabla ya sisi wote, akapiga ukelele ambao uliwatoa watu katika nyumba zote za avenue yetu.

Kilio kikafanyika kwetu, kama kinavyofanyika. Walifunga hema la plastiki kutoka bati mpaka kwenye ukuta wa mbele, viti vikaletwa, wanawake wakakaa chini kwenye mikeka. Mabenchi ya wanafunzi yakakaliwa na wazee. Ubao ukabaki palepale nyuma yao, na maandishi yake. Niliona watu wakiutazama na kuondoa macho haraka. Wapo waliojua kusoma na jina lile walilisoma. Hakuna aliyethubutu kushika kitambaa.

Mimi sikulia. Watu walinipapasa kichwa wakasema mtoto hajaelewa. Nilielewa, ila nilielewa langu. Nilikuwa nangoja.

Siku walipomleta, lilikuja lori jingine, si lile la kwanza. Wanaume waliingia getini na sanduku mabegani, wanawake wakajitupa chini, na wakaliweka sanduku kwenye saruji mbele ya mlango wa nyumba, kama desturi, ili aage kwao kabla ya kwenda makaburini. Waliliweka mahali palepale nilipoanzia mbio zangu siku ile. Nililiona hilo vizuri sana. Nikapenya kati ya miguu ya watu mpaka kwa baba, nikamvuta mkono wa koti.

"Papa," nikamwambia, "usilie. Amerudi. Iko zéro."

Baba akanitazama. Nilimjua baba yangu. Mwanafunzi akikosea, midomo yake ilitangulia kujikunja kabla hajamsahihisha. Niliona midomo ikijikunja. Nikangoja. Lakini hakunisahihisha. Alinivuta akanikumbatia kichwa tumboni kwake, nami nikasikia sauti yake ikipita katika nguo.

"Eeh, mama. Iko zéro."

Basi nikafurahi, jamani. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilikaa karibu na sanduku nikingoja lifunguliwe, nikawaonea huruma wote waliokuwa wanalia bure.

Watoto hawapelekwi makaburini, lakini mimi nilipoona wanaliondoa sanduku tena nilipiga kelele za namna ambayo Tantine alishindwa, akanipandisha naye kwenye basi. Ya huko sitayasimulia. Naikumbuka tu rangi ya udongo wetu, nyekundu, iliyopanda mpaka kwenye soksi zangu nyeupe. Kwa akili yangu walikuwa wamemficha kidogo tu, na angetoka, kwa sababu jibu lilikwisha kuandikwa.

Ni wakati wa kurudi ndipo nilipoingiwa na hofu. Basi lilikata njia nyingine.

"Tantine, njia iko huku!"

"Nyamaza. Tunapita huku."

"Juu ya nini?"

Tantine alikuwa hana nguvu za kunidanganya. "Ili asitufuate," alisema, akageukia dirisha.

Mpaka nyumbani nilikuwa napiga hesabu. Baba alichora mishale miwili, mmoja unaenda na mmoja unarudi, juu ya mstari uleule. Watu wazima hawa wameupindisha mshale wa kurudi kwa makusudi. Wamemfutia Mulumba njia. Akitoka atafuata ile ya kwanza, atafika njia panda, na hapo hatajua tumepita wapi. Leo naweza kucheka kidogo. Ningemsikiliza baba vizuri, ningejua kwamba kwa déplacement njia haina kazi. Zunguka unavyotaka, kinachohesabiwa ni ulipoanza na ulipofika. Shangazi yangu na mimi tulikosea somo lilelile, kila mmoja kwa upande wake: yeye alidhani njia itamzuia, mimi nilidhani njia itamleta.

Getini kulikuwa na beseni la maji yenye majani, kila mtu ananawa kabla ya kuingia. Nilinawa. Halafu watu walipokuwa wanakula, nilichukua chaki kwenye boksi chini ya ubao nikatoka nje.

Avenue yetu ni ya udongo, na udongo haushiki chaki. Nilichora kwenye kuta za majirani, kwenye nguzo ya umeme, kwenye vile vipande vya zege wanavyolaza juu ya mfereji ili upite kwenda nyumbani kwako. Nilianzia kwenye barabara kubwa, mahali ambapo njia ya kwenda makaburini inaingia, nikashuka mshale kwa mshale mpaka kwetu. Mishale yangu ilikuwa mifupi na imepinda, na hakuna hata mmoja niliouwekea nukta. Jua lilikuwa linazama niliposikia Tantine akiniita. Nilichora wa mwisho kwenye nguzo ya geti, ukielekea ndani, nikaingia. Uwanjani hakukuwa na nafasi, watu walikuwa wamejaa kila mahali. Nikajisemea kwamba akifika getini ataona watu wake mwenyewe.

Niliamshwa na kelele za wanawake. Kulikuwa kumepambazuka, wamekunja mikeka ili wafagie, na kwenye saruji, kutoka getini mpaka kwenye mlango wa chumba cha uani alichokuwa analala Mulumba, kulikuwa na mishale.

Mimi sikuichora ile. Nilisimama mlangoni na gauni la kulalia, nikaitazama. Ilikuwa mirefu, imenyooka kana kwamba imevutwa kwa kamba. Na kila mmoja ulianza na nukta, na nukta ilikuwa na duara.

"Nani anaita mufu hapa?" Tantine alipiga kelele. "Nani? Aseme! Nani anamuita mutoto wangu?"

Mama mmoja akaenda nje akarudi mbio akisema mishale imetoka hata kwenye barabara kubwa, ukutani kwa kila mtu, inakuja hapa hapa tu. Wengine walianza kukusanya vitu vyao. Mimi moyo ulikuwa unaniambia: amekuja. Amefuata yangu mpaka getini, halafu ya ndani amejichorea mwenyewe, vizuri, kama alivyonifundisha. Nilitaka kukimbia nifungue mlango wa chumba kile. Nilitaka pia kukimbia upande mwingine, mbali kabisa. Sikuweza kufanya lolote.

Tantine aliagiza maji. Walimwaga ndoo kwa ndoo, wakasugua kwa fagio ngumu, wakiomba kwa sauti, na mishale ikatoweka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya hema, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Wanawake wakatulia, wakaketi.

Halafu jua likapanda na saruji ikaanza kukauka.

Mwalimu yeyote anajua hili: ukifuta kwa maji, ubao ukiwa umelowa ni mweusi safi, ukikauka maandishi yanarudi, hafifu, kama yanatoka chini. Lakini siku ile nani alikuwa na akili ya kukumbuka? Mishale ilirudi mmoja baada ya mwingine, kuanzia upande wa jua, yaani kuanzia getini, ikasogea kuelekea chumbani mbele ya macho yetu. Sitaki kueleza kelele zilizokuwapo. Kufikia mchana kilio chetu kilibaki na watu wa ukoo tu, na si wote.

Jioni baba aliinuka, akaugeuza ubao uso ukatazama ukuta. Hakufundisha tena nyumbani.

Nyumba yetu ikawa nyumba ya kuogopewa, na mimi ndiye niliyeiogopa kuliko wote. Si kwamba nilimwogopa Mulumba. Niliogopa kile tulichomfanyia. Aliahidi kuwa sifuri, alikuja kweli, kwa shida zote zile, na alipofika watu wake wakapiga kelele na kumwagia maji. Kila nilipopita mbele ya chumba kile nilitembea pembeni, nikashusha macho. Msimu wa mvua ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu baada ya kila mvua, saruji ikianza kukauka, nilisimama dirishani kuangalia kama kuna kitu kinarudi. Wakati mwingine niliona. Shuleni nilichagua pédagogie, mkondo wa ualimu, nikakwepa kila darasa lenye mshale. Niliolewa, nikahamia upande wa Karavia, nikapanda nyasi uwanja wangu wote. Mume wangu aliuliza mbona sitaki saruji. Nilimwambia inachoma miguu.

Baba alizeeka palepale na Tantine. Akili ilipoanza kumtoka, alihamisha godoro lake mwenyewe, akaenda kulala kwenye chumba cha uani. Tantine aliniambia kwenye simu kwa sauti ya kunong'ona: "Anasema kule njo kuko muzuri." Nilikwenda mara kwa mara kumwona, na kila mara nilikaa naye nje.

Siku moja nilifika mchana bila kupiga hodi. Nilisukuma geti nikakuta baba amepiga magoti kwenye jua, nywele nyeupe, shati limetoka nje ya suruali. Mkononi ana chaki. Alikuwa anaweka nukta kwenye saruji. Akaizungushia duara, polepole, ulimi nje ya midomo. Kisha akavuta mstari kutoka hapo kuelekea chumbani, umenyooka kabisa, bila rula.

Nilifunga geti nyuma yangu.

"Papa. Unafanya nini?"

"Yaya yako," alisema bila kuinua kichwa. "Atapotea. Banarudiaka njia ingine."

"Papa, ile siku ya kilio... njo weye ulichoraka?"

Akainua macho. Kwa muda mfupi alikuwa amerudi mzima, Prof mwenyewe, na midomo yake ikajikunja jinsi ninavyoijua.

"Ya inje njo yako," alisema. "Niliiona. Ya ndani njo yangu. Uliishiaka ku mulango, mama, na haukutia point hata moja."

Nilimkasirikia. Nitasema wazi, kabla ya huruma ilikuja hasira. Miaka yote ile ya kushusha macho, ya kuogopa mvua, na yeye alikuwa anajua! Nikamuuliza kwa ukali ambao haumfai binti, juu ya nini hakusema.

"Ningesema nini?" akajibu. "Miye prof ya physique."

Akarudi kwenye kazi yake. Nami nikakaa chini kwenye saruji ya moto, na nikamlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu afe, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba hakuja. Hakufukuzwa na mtu, hakumwagiwa maji. Hakuja kabisa. Kulikuwa na baba tu, akitambaa kwenye uwanja wake mwenyewe watu wamelala, akimalizia njia ya mtoto wa kike kwa sababu ilikuwa imekatika. Baba alimaliza mshale wake, akaniomba nimsaidie kusimama, na kufikia wakati huo alikuwa ananiita Ngalula.

Ndiyo maana nilichukua chaki mfukoni mwake.

Siku hiyo ya kumzika baba, basi lilipofika kwetu watu walishuka wakapanga mstari wa kunawa. Tantine Ngalula, ambaye sasa amepinda mgongo na sauti imebaki nusu, alikuwa ameshika beseni la majani getini. Nilinawa. Nilifuta mikono kwenye gauni mpaka ikakauka vizuri, kisha nikapita kando ya watu, nikapiga magoti ndani ya geti, na kutoa chaki mkobani. Nilisubiri ile sauti ya kufukuza mbwa.

Haikuja. Nilisikia beseni likiburutwa. Tantine alikuwa analisogeza nje ya geti, kwenye udongo, ili maji ya watu yasimwagikie saruji.

"Bo wako babili sasa, mutoto na papa yake," alisema. "Chora muzuri."

Nikainama. Kabla ya kuvuta mstari, niliweka nukta, nikaizungushia duara.